Shajara ya mradi: bamba la fiba linalojisikiliza

11 Januari 2025. Shabaha

Boti nyingi za uvuvi na za watalii katika pwani yetu siku hizi ni za fiba: mati za nyuzi za kioo zilizolowa resini ya poliesta, tabaka juu ya tabaka. Ugonjwa wake mbaya zaidi hauonekani kwa macho. Tabaka mbili zinaachana kwa ndani, hasa nyuma panapofungwa injini na chini panapokalia mchanga kila maji yakipwa, huku ngozi ya juu ikibaki nzima na inang'aa. Mafundi hugonga kwa shilingi au mpini wa bisibisi na kusikiliza. Mzee aliyenipa pembe ya karakana yake hapa Tudor, Mombasa, ana sikio ambalo silitilii shaka hata kidogo. "Mwanangu, hapa hapalii kama pale," husema, na akikata hukuta maji. Lakini sikio hilo ni la mtu mmoja, na boti huletwa kwake ikiwa imeshaugua. Ninachotaka ni bamba linalojigonga na kujisikiliza lenyewe, tangu siku linapotoka kwenye kalibu.

Njia yenyewe inajulikana. Diski ya kauri ya piezo ikipewa umeme hutanuka na kujikunja, na ikitikiswa hutoa umeme. Ndugu Pierre na Jacques Curie walionyesha hilo la pili mwaka 1880, na la kwanza mwaka 1881. Ukibandika diski mbili kwenye bamba, moja inatikisa na ya pili inasikiliza. Mtikisiko hausambai ovyo. Nyuso mbili za bamba zinaubana na kuuongoza, nao unakwenda mbali kwa hasara ndogo. Horace Lamb aliandika hesabu za mawimbi haya mwaka 1917, na ndiyo maana yanaitwa mawimbi ya Lamb. Kwa masafa ya chini (masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yapo mawili tu yanayonihusu. La kwanza ni wimbi la kutanuka, ambalo nyuso zote mbili zinavutika pamoja kwa urefu; vitabuni huandikwa S0. La pili ni wimbi la kupinda, A0, ambalo bamba zima linapanda na kushuka.

Vifaa vya kuanzia: diski za shaba nyeupe za milimita 27 zenye kauri ya milimita 20 katikati, zile zile za ving'ora na saa, sh. 40 kila moja. Kidhibiti cha Raspberry Pi Pico, sh. 1,200. Oskiloskopu ya USB (kifaa cha kuchora umbo la umeme kwenye skrini) ya mkono wa pili yenye njia mbili, sh. 11,000, nayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Pawa ya volti 24, sh. 1,500.

2 Februari 2025. Bamba la kwanza, na diski zilizovunjika ndani

Bamba ni la mita moja kwa mita moja, unene milimita 5, mati za gramu 450 zikipishana na kitambaa kilichofumwa. Resini na fiba vilikula sh. 4,000 na ushee. Hadina, dawa ya kugandisha resini, tulitia asilimia 1 tu kwa sababu ya joto la kaskazi. Kwa asilimia 2 resini hushika kabla hujamaliza kutoa hewa.

Diski nne zilizikwa katikati ya matabaka, kwa sababu huko ndani jua, chumvi na viatu haviwezi kuzifikia. Bamba lilipokauka, mbili hazikusema kitu. Rola ya chuma ya kutolea hewa ndiyo iliyoziua. Ikipita juu ya diski, shaba inapinda kidogo na kauri inakatika, nawe huoni kitu kwa sababu mati imeshafunika.

Dawa yake ni kupima kwa multimita. Diski nzima inasoma karibu nF 20 (nanofaradi, kipimo cha uwezo wa kutunza umeme). Hizi mbili zilisoma pungufu ya nusu, maana kipande cha kauri kilikuwa kimetengana na waya. Tangu hapo kila diski inapimwa ikitoka dukani, baada ya kulehemu na baada ya kufunikwa, na namba zinaandikwa kwa penseli kwenye bamba lenyewe. Ncha ya kulehemu iguse kauri kwa muda mfupi iwezekanavyo, kwani joto kali hufuta mpangilio wa umeme ndani yake na diski hubaki kiziwi.

Namna ya kuzika pia imebadilika. Tabaka la kati linaachwa likauke kabisa, linasuguliwa kwa msasa namba 120, diski inabandikwa kwa epoksi na kukandamizwa kwa uzito usiku kucha, kisha mati ya juu yake inakatwa tundu la ukubwa wa diski ili ikae ndani kama kwenye mfuko. Hapo rola haipiti tena. Ni brashi tu.

Kuna jambo la waya ambalo sijaliona likiandikwa popote kwa lugha yetu, na linaua vihisi vingi. Resini hupanda ndani ya waya wa nyuzi nyingi mithili ya mafuta ya taa kwenye utambi. Ikikauka, waya unakuwa mkavu na hukatika pale pale unapotokea kwenye bamba. Nimeuvika kijimpira chembamba sentimita tatu za mwanzo, kikazibwa ncha kwa epoksi kabla ya resini kumwagwa. Sijapoteza waya tena.

Ukitumia nyuzi za kaboni badala ya kioo, diski iwekewe kizio kwanza, maana kaboni inapitisha umeme. Fiba ya kioo haina taabu hiyo.

22 Februari 2025. Umeme

Pico inatoa umbo la mlio kupitia ngazi ya rezista nane, kisha amplifaya ya TDA2030 ya sh. 150 inalikuza hadi karibu volti 20 kutoka kilele hadi bonde. Jaribio la mwanzo lilikuwa mlio wa mraba, kuwasha na kuzima tu, nalo ni rahisi zaidi. Halifai. Mlio wa mraba wa kHz 20 unabeba ndani yake kHz 60 na zaidi, na bamba linaitikia zote kwa kasi tofauti. Kwenye oskiloskopu inaonekana vurugu isiyosomeka. Sasa ni mlio laini wenye mizunguko michache, unaoanza polepole, unapanda, unashuka.

TDA2030 ilipata moto hata bila kazi. Diski ni kepasita, yaani inatunza umeme, na amplifaya ikiunganishwa moja kwa moja na kepasita huanza kujitikisa yenyewe kwa masafa ya juu usiyoyaona mpaka uyatafute. Rezista ya ohm 10 kati yake na diski ilimaliza tatizo.

Kwenye kipokezi palikuwa na mdundo mkubwa uliofika papo hapo, kabla wimbi lolote halijaweza kusafiri. Ulikuwa umeme unaoruka kati ya nyaya. Waya wa antena ya televisheni, wenye ngao, uliupunguza sana. Sikuuondoa wote, kwa sababu unaonyesha sifuri ya saa ilipo.

15 Machi 2025. Kutenganisha mawimbi mawili

Mwezi wa Ramadhani kazi yote ilihamia baada ya tarawehe. Ulikuwa uamuzi wa mwili, lakini uliisaidia sayansi: karakana kimya, hakuna mashine za msasa, na bamba lina joto moja tangu nianze mpaka nimalize. Matokeo ya usiku yalirudiana vizuri. Ya mchana wa Februari hayakurudiana hata na yenyewe. Nililiandika hilo pembeni, nikaendelea.

Nilihitaji kuthibitisha lipi ni wimbi lipi. Njia safi ni kubandika diski mbili mgongo kwa mgongo, moja kila uso wa bamba. Zote zikitanuka pamoja, bamba linatanuka. Ukigeuza waya za moja, uso mmoja unatanuka na mwingine unajikunja, na bamba linapinda. Hivyo nikapata kila wimbi peke yake. La kutanuka lilikwenda karibu mita 2,600 kwa sekunde, na mafungu ya wimbi la kupinda, kwa kHz 20, karibu mita 1,100 (vilele vilivyo ndani ya fungu huenda polepole zaidi).

Wimbi la kupinda lina tabia ya kutawanyika: kasi yake inategemea masafa. Kwa hiyo mlio wenye masafa mengi hurefuka njiani na kufika umechanika. Mizunguko mingi inapunguza hilo, ila inaongeza urefu wa mlio. Kwa mizunguko mitano ya kHz 20 mlio unachukua mikrosekunde 250, na kwa umbali wa milimita 300 mkia wa wimbi la kutanuka ulikuwa bado unapita wakati la kupinda linaingia. Nimeshuka hadi mizunguko mitatu, yaani mikrosekunde 150, na nimesogeza diski ziwe milimita 400. Sasa yanaachana vya kutosha. Kingoni mwa bamba pamezungushwa plastisini ya watoto, ambayo inameza sehemu kubwa ya mwangwi wa wimbi la kupinda.

Halafu masafa. Nilipitisha kutoka kHz 10 hadi 60 na kuchora ukubwa wa kila wimbi. La kupinda lina nguvu zaidi kati ya 15 na 20, kisha linashuka, na karibu na 40 linakaribia kutoweka. Diski haikuharibika. Kwenye kHz 40 urefu wa wimbi hilo ni karibu milimita 20, sawa na kauri yenyewe, kwa hiyo ukingo mmoja wa diski unafuta kazi ya ukingo wa pili. Diski ikiwa karibu na nusu ya urefu wa wimbi, kingo zinasaidiana. Anayeiga kazi hii kwa diski ndogo au bamba nene asichukue kHz 20 yangu kama amri. Apitishe masafa yote kwanza, achore, ndipo achague.

5 Aprili 2025. Kidonda cha bandia

Bamba la pili, kama la kwanza, ila katikati ya unene kuna mraba wa milimita 60 wa karatasi mbili za nailoni zilizolazwa pamoja, ili matabaka yasishikane hapo. Njia moja kati ya diski inapita juu yake, nyingine ya urefu ule ule inapita pazima.

Wimbi la kutanuka halikuona kitu. Hili lilinivunja moyo kwa siku nzima, maana ndilo la haraka na ndilo rahisi kupima. Lakini ukifikiria, ni haki yake: bamba linapovutika sawasawa pande zote mbili, katikati ya unene hakuna mkwaruzano kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo mpasuko uliolala hapo hapo haulizuii.

Wimbi la kupinda lilibadilika sana. Penye mpasuko bamba la milimita 5 linakuwa mabamba mawili ya milimita 2.5, na bamba jembamba hupinda kwa urahisi zaidi. Kasi ya wimbi hilo inafuata kipeuo cha pili cha unene, kwa hiyo hapo inashuka hadi karibu asilimia 70. Kwa milimita 60 za njia, kuchelewa kwa vilele kunakotarajiwa ni mikrosekunde 40 hivi, sehemu nne kati ya tano za mzunguko wa kHz 20. Nilichopima kilikuwa kidogo kuliko hicho, kwa kuwa sehemu ya wimbi huzunguka kidonda badala ya kupita ndani yake, lakini kilionekana wazi bila hesabu yoyote. Mzee aliuona kwenye skrini, akachukua shilingi yake, akagonga bila kuonyeshwa mahali, akaweka kidole palepale.

19 Aprili 2025. Joto

Kwenye boti halisi hakuna njia mbili zinazofanana za kulinganisha. Lazima ulinganishe njia na yenyewe: chukua rekodi bamba likiwa zima, iweke, na baadaye chukua rekodi mpya, uitoe ile ya zamani ndani yake. Kinachobaki ndicho badiliko.

Nilirekodi bamba zima alfajiri, nyuzi 26. Nikarekodi tena adhuhuri, bamba hilo hilo, hakuna aliyeligusa, limekaa nje ya mlango na kufika nyuzi 41. Mabaki yalikuwa makubwa kuliko ya kidonda cha milimita 60.

Hesabu inaeleza kwa nini. Kwa kHz 20 urefu wa wimbi la kupinda kwenye bamba hili ni karibu milimita 32. Kati ya diski na diski, milimita 400, yamo mawimbi kumi na mawili na nusu. Resini ikilegea kwa joto na kasi ikashuka asilimia 1 tu, wimbi linafika likiwa limeteleza sehemu ya nane ya mzunguko. Toa mawimbi mawili yaliyoachana kwa kiasi hicho, na kinachobaki ni kama robo tatu ya ukubwa wa wimbi zima. Asilimia 1 ya kasi! Na hapa petu boti inatoka kwenye umande na kuingia kwenye jua la saa sita kila siku ya Mungu. Ukijenga mfumo huu kwenye maabara yenye kiyoyozi na kuuleta Mombasa bila kushughulikia joto, kila mchana utapiga king'ora kwa boti isiyo na kidonda, na baada ya wiki hakuna mvuvi atakayeusikiliza. Hilo linaniuma zaidi kuliko diski zilizovunjika.

7 Juni 2025. Dawa ya joto, na chumvi

Masika imenipa utulivu wa kukaa na jambo hili. Dawa ni mbili zikifanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni akiba ya rekodi. Badala ya rekodi moja ya bamba zima, nimekusanya moja kwa kila nyuzi, kuanzia alfajiri ya mvua hadi mchana wa jua, kwa kipimajoto cha DS18B20 (sh. 300) kilichobandikwa kwenye bamba lenyewe. Joto la hewa halisaidii kitu. Rekodi mpya inalinganishwa na ile ya nyuzi zilizo karibu nayo.

Ya pili ni kunyoosha au kubana saa ya rekodi kidogo mpaka mabaki yawe madogo kabisa. Njia hii peke yake haitoshi kwa wimbi la kupinda, kwa sababu linatawanyika na kila masafa yanateleza kwa kiasi chake. Kwa tofauti ya nyuzi 15 inashindwa. Kwa nyuzi moja au mbili zilizobaki baada ya dawa ya kwanza, inafanya kazi vizuri.

Kulikuwa bado na rekodi zinazokataa. Zote zilikuwa za jua kali. Kipimajoto kilikuwa uso wa chini, na jelikoti ya juu, yaani ngozi ya rangi, ya bluu iliyokoza, ilikuwa moto zaidi. Bamba lenye joto tofauti kila uso halifanani na rekodi yoyote kwenye akiba. Nimeongeza kipimajoto cha pili, na programu sasa inakataa kupima nyuso zikitofautiana zaidi ya nyuzi 2. Nimependa kifaa kinachosema "si sasa" kuliko kinachotoa jibu bovu.

Baada ya hayo, mabaki ya bamba zima yameshuka chini ya sehemu ya kumi ya wimbi. Kidonda cha milimita 60 kinaonekana kila mara. Cha milimita 30, nilichokitengeneza kwenye bamba la tatu, kinaonekana siku nyingine na siku nyingine hakionekani. Sitadai kwamba kinaonekana.

Chumvi nayo ilidai haki yake. Diski zilizobandikwa nje kwa supaglu zilianza kubanduka; epoksi imeshika. Maungio niliyoyafunika kwa silikoni ya kawaida ya dirishani yaligeuka kijani ndani ya wiki chache. Silikoni yenye harufu ya siki inatoa asidi ikikauka, na asidi hiyo inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo, ni ghali kidogo. Mimi nimerudi kwenye epoksi.

30 Agosti 2025. Boti ya kweli

Ganda la boti la mita sita, limetupwa kando ya hori, mwenyewe ameruhusu. Diski sita kwa ndani, nyuma kuzunguka panapofungwa injini. Mbavu za mbao zinameza wimbi vibaya. Njia inayovuka ubavu inapokea kidogo mno, kwa hiyo kila chumba kati ya ubavu na ubavu kinahitaji diski zake. Mahali ambapo Mzee alisema panalia vibaya, njia mbili zilichelewa. Tulikata. Tabaka la nje lilikuwa limeachana kwa upana wa kiganja, na maji yalitoka.

Lakini siku hiyo hiyo maji yalipojaa na kugusa ganda, rekodi zote ziliharibika kwa kiasi ambacho joto halijawahi kufikia. Wimbi langu la kupinda linakwenda polepole kuliko sauti majini, ambayo ni karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo halimwagi nguvu yake baharini. Linachofanya ni kubeba maji. Kila mita ya mraba ya bamba la milimita 5 ina uzito wa kilo 8, na maji yanayolazimika kutikisika pamoja nalo kwa kHz 20 ni karibu kilo 5. Kasi inashuka kwa zaidi ya asilimia 10, mara kumi ya ile asilimia 1 iliyonisumbua Aprili.

Sitajaribu kusahihisha hilo kwa hesabu sasa. Boti za hapa hukaa juu ya mchanga maji yakipwa, na wakati wa bamvua hukauka tumbo zima. Kanuni ya mfumo inakuwa: pima boti ikiwa kavu, kabla jua halijapanda. Kipima unyevu cha waya mbili kwenye ganda kitaizuia programu kama kuna maji.

Hatua inayofuata ni boti mpya ya Mzee, ambayo itaingia kalibuni kusi ikitulia. Diski kumi na mbili zitazikwa nyuma na chini, vipimajoto vinne. Kwa bei ya leo, vihisi, nyaya na epoksi vitagharimu karibu sh. 3,500 kwa boti. Oskiloskopu na amplifaya vinabaki karakana na kutumika kwa boti zote. Akiba ya rekodi itaanza kukusanywa siku itakapotoka kwenye kalibu, na lazima ipite kaskazi nzima kabla sijaiamini.